Madumu ya Bi Nanyinza

Mpaka leo sijajua pombe inayozuiwa mpakani humwagwa wapi. Bi Nanyinza alikuwa akirudi Zambia na madumu mawili ya ulanzi, pombe ya mianzi aliyoifuata Iringa kwa harusi ya bintiye.

"Mama, hii hairuhusiwi," alisema afisa Shigela, akimeza mate.

"Ahsante kwa kutulinda, afande. Basi kaza vifuniko, nzi wasikuharibie ushahidi."

Shigela alivikaza kwelikweli, akayaficha madumu chini ya meza. Mama akaketi kusubiri.

Mchana mkuu wa Shigela alikuja kukagua. Ulanzi huendelea kuchacha hata safarini, na wanaoujua hulegeza kifuniko upumue. Dumu moja lilipasuka, likamlowesha mkuu hadi kofia.

"Kuna jingine?"

"Lipo, baba, nalo amelikaza," alijibu Bi Nanyinza.

Mkuu aliamua livushwe papo hapo. Shigela ndiye aliyelibeba hadi Zambia, mikono ameinyoosha mbele.