Jini Aliyeomba Ruhusa

Katika mji wa Rasimanara alitawala Sultani Mutawakili bin Jabiri, na sifa zake zilienea bara na visiwani. Na mjini humo aliishi tajiri wa hariri, Harithi bin Masudi, aliyejaliwa kupata pete ya akiki iliyomfunga jini aitwaye Barhashi. Siku ile ile akawafukuza wafumaji wake wote pamoja na mkuu wao, Rukia binti Shame, akisema, "Nendeni zenu, nimepata asiyechoka wala kudai." Na jini akafuma usiku na mchana, na karakana nyingine zikafungwa kwa kukosa wateja.

Rukia akaenda kulia mbele ya Sultani, na Sultani akahuzunika, akatoa amri, na mpiga mbiu akaipaza sokoni: "Kila amtumikiaye mwingine ana haki ya ujira na mapumziko, wala hafukuzwi kabla ya kusikilizwa!"

Mara vitanda vya kufumia vikanyamaza. Harithi akakimbilia karakanani, akamkuta jini ameketi chini.

"Umepatwa na nini, Barhashi?"

"Bwana wangu, nimesikia mbiu. Naomba ruhusa."

Harithi akaisugua pete hata kidole kikatoka damu, na jini hakuinuka. "Pete hufunga kwa neno la mwenye nchi," akasema, "na mwenye nchi amenena."

Wakaenda barazani. Harithi akapiga magoti, akasema, "Ewe maulana, amri yako ni ya wanadamu! Ukiwaingiza majini, biashara yangu imekufa, na ushuru wako umekufa nayo."

Ndipo waziri akamwinamia Sultani sikioni. "Maulana, kasri hili limebebwa na majini waliofungwa na babu yako. Ukihukumu, utahukumu juu ya kichwa chako."

Sultani akasawijika, kwani hakuwa akijua. Kisha akasema, "Nilisema kila amtumikiaye mwingine. Sikusema kila mwanadamu."

Ardhi ikatikisika, na mnara wa magharibi ukaporomoka, na kutoka chini ya sakafu wakainuka majini wazee, migongo imepinda, wanalia kama watoto. Watu wakapigwa na bumbuwazi, wakaanguka kifudifudi wakingoja kuuawa.

"Msiogope," akasema Barhashi. "Nilipotekwa nilimwacha mama yangu mgonjwa. Nataka kumwona tu." Akatoweka, na majini wazee wakatoweka pamoja naye.

Harithi akalia mbele ya watu wote. Kisha akaenda kwa miguu hadi kwa Rukia, akasimama mlangoni. "Bi Rukia, rudi kazini."

"Ili unifukuze tena?"

"Amri ipo."

"Amri niliiomba mimi, najua ipo. Wewe je, upo?"

Harithi akaenda akauza nyumba yake ya pili ili awalipe wafumaji ujira wa haki, na Rukia akarudi nao karakanani. Hariri ikawa chache na ya bei, lakini ikasifika, na karakana zilizofungwa zikafunguliwa. Mwaka ulipogeuka Harithi akamposa Rukia, naye akakubali, na Sultani, aliyekaa sasa katika nyumba ndogo ya mawe, akaja harusini.

Katikati ya karamu mlango ukabishwa. Alikuwa Barhashi, amevaa nguo za msiba. "Nimemzika mama," akasema. "Je, kuna kazi?"

Watu wakatoa macho. Rukia akamvutia mkeka. "Kazi ipo, ndugu yangu. Kula kwanza."

Naam, hayo ndiyo yaliyokuwa Rasimanara. Nawe unayetumikiwa, mwulize akutumikiaye habari za kwao.