Nyati Aliyesema Ameamriwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa la ukungu, ukungu wa bonde, bonde la wenye kwato. Wakubwa kwa wadogo, nipeni masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde. Kila asubuhi ukungu ulishuka mlimani, taratibu, taratibu. Miti ikaelea. Vilima vikaelea. Hata sauti za ndege zikaelea, usijue zinatoka wapi.

Wanyama wa bonde walimwogopa chui. Basi wakawachagua nyati wawe askari. Wakawaambia, "Pembe zenu zitulinde." Nyati wakaapa. Mkuu wao alikuwa Gome.

Siku moja chui akamuua ndama wa nyati. Gome akapandwa na hasira. Asubuhi yake akawapanga askari kwenye ukungu. Mbele wakasikia, lamba, lamba, lamba. Walikuwa digidigi, wanalamba magadi.

Gome akasema, "Hao ndio wanaomficha chui. Asibaki hata mmoja!"

Askari mmoja, Lumala, akasema, "Afande, hao ni digidigi. Hawana silaha."

"Hiyo ni amri!"

Lumala akasimama palepale, hakuinua kwato. Wenzake wakaenda. Du! Du! Du! Ardhi ikatetemeka.

Pale kwenye magadi walikuwepo Nyamizi, mama digidigi, na bintiye Sikudhani. Ukungu ukapasuka, akatokea nyati kijana, Kidari. Nyamizi akapaza sauti, "Baba, tutazame! Hatuna pembe, hatuna kucha!"

Kidari akamtazama yule mtoto. Akayaona macho yake. Kisha akainamisha kichwa, akapiga pembe.

Kimya. Jii! Maua meupe ya mgunga yakadondoka, moja moja, juu ya waliolala.

Gome akasema, "Vita ni vita. Tena palikuwa na ukungu."

Wanyama wengi wakanyamaza. Nyamizi hakunyamaza. Alizunguka kilima hadi kilima, akiita, "Mwanangu alikosa nini?" Sauti yake ikaelea bonde zima, ikawaingia hata ndotoni. Mwisho Pofu, yule swala mkubwa jike, hakimu wa bonde, akaitisha baraza.

"Gome, uliamuru?"

"Niliamuru. Lakini mimi sikumgusa mtu."

"Kidari, uliua?"

"Niliua. Lakini niliamriwa, Bibi Hakimu."

"Ulimsikia huyu mama?"

Kidari akatazama chini. "Nilimsikia."

"Ulijua hawana silaha?"

"Nilijua."

Lumala akasogea mbele. "Nami niliamriwa," akasema. "Nikakataa."

Pundamilia akaropoka, "Tukiwafunga askari wetu, chui akija je?"

Nyamizi akasimama, mdogo kati ya wakubwa. "Chui akija, mimi hukimbia," akasema. "Siku ile sikukimbia. Niliona ni nyati, nikawaamini."



Pofu akasema, "Gome, umeua kwa mdomo. Kidari, umeua kwa pembe. Nyote wawili ni wauaji. Na kila aliyepiga pembe siku ile ataletwa hapa, ajibu." Gome na Kidari wakafungiwa kwenye boma la miiba, maisha yao yote.

Kidari alipokuwa akipelekwa, akasimama mbele ya Nyamizi. Machozi yakamtiririka.

"Mama, nisamehe."

Nyamizi akamtazama. "Hilo siliwezi leo, baba. Lakini wewe humjui hata uliyemuua. Alikuwa anaitwa Sikudhani. Litaje jina lake."

"Sikudhani," akasema Kidari.

"Tena."

"Sikudhani."

Akaingia bomani akilitaja. Na Nyamizi akashika njia ya kwao, polepole, peke yake.

Basi sikilizeni, wangu. Anayemuua asiye na silaha ni muuaji, hata akiwa askari, hata akiwa ameamriwa. Aliyetoa amri atajibu, na aliyeitii atajibu.

Hadithi yangu inakomea hapa. Mlio macho, iandameni ndotoni.