Hundi ya Jalada la Karatasi

Mjane mmoja wa milima ya Upare alikuwa na shamba la tangawizi na akaunti ya benki. Jina lake Nakunda. Shamba aliachiwa na mumewe. Akaunti aliifungua mwenyewe, baada ya mumewe kuvamiwa na wezi kwenye kona za barabara ya mlimani na kuporwa fedha za mavuno ya miaka mitatu. Zilikuwa fedha za kununulia mabomba ya kuteremsha maji kutoka chemchemi. Mume alirudi nyumbani akiwa hai, lakini mwaka haukuisha akafa, na majirani walisema ni kihoro.

Nakunda akaanza upya. Kwa miaka minane alilima na kuuza, na kila alipouza aliweka fedha benki siku hiyo hiyo kabla ya kupanda mlima. Alasiri alihudhuria kisomo cha watu wazima, kwa kuwa alichoka kutia dole gumba mahali wengine walipotia saini. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku alipoandika jina lake lote bila kusaidiwa. Mwalimu alilisoma kwa sauti mbele ya darasa, na Nakunda akasimama bila kuambiwa asimame.

Mwaka wa tisa akiba ikatosha mabomba. Muuza mabomba alikuwa Bwana Kiondo, mwenye duka kubwa la vifaa mjini. Miaka hiyo fedha hazikutumwa kwa simu, na Nakunda aliapa kwamba hatabeba tena noti barabarani. Akaamua kulipa kwa hundi. Akashuka mjini pamoja na shemeji yake, Mbonea, mdogo wa marehemu.

Karani wa benki akawawekea mezani kitabu cha hundi chenye karatasi mia moja. Jalada lake lilikuwa la ngozi, na jina la mteja lingechapwa kwa herufi za dhahabu kwenye kila karatasi. Mbonea alikishika akakipapasa. Nakunda akauliza bei. Alipoisikia akapiga hesabu kimya kimya, akaona kwamba bei ile ni sawa na mabomba manne. Akauliza kama kipo cha chini ya hapo. Kilikuwapo cha karatasi hamsini, nacho kilikuwa ghali. Akauliza kama wanaweza kumuuzia karatasi moja tu, maana hakuwa na deni jingine duniani. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Karani hakucheka. Alikwenda chumba cha nyuma, akakaa kitambo, akarudi na kijitabu cha karatasi kumi chenye jalada la karatasi ya kawaida. Hakikuchapwa jina. Mwenye nacho angeliandika jina lake kwa mkono. Bei yake ilikuwa ndogo sana, na karani akasema kwamba watu hawakiombi kwa sababu hawajui kama kipo.

Mbonea alimvuta shemeji yake kando. Akamwambia kwamba Kiondo ni mtu wa kutazama watu viatu kabla ya uso, na kwamba akipelekewa kijikaratasi kile atawaona watu wa porini. Akamsihi anunue cha ngozi, walau kwa heshima ya marehemu. Nakunda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipia kile cha karatasi kumi, na kwenye orodha yake ya vitu vya kununua akaongeza mabomba manne.

Dukani walimkuta mbele yao mkandarasi mmoja aliyevaa vizuri. Alichomoa hundi kutoka kitabu cha ngozi, akaitia saini akiwa amesimama, na saruji yake ikapakiwa pale pale. Zamu ya Nakunda ikafika. Akaomba kiti. Akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi. Bwana Kiondo aliishika hundi ile kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma na mbele, akasema kwamba hatatoa hata bomba moja mpaka benki iilipe. Mbonea akainamisha kichwa. Nakunda hakuinamisha.

Akasema, “Bwana Kiondo, jina hilo ni langu na nimeliandika kwa mkono wangu. Lipelekeni benki, mimi nitangoja jibu hapa hapa.”

Akatoka nje akaketi juu ya rundo la mabomba. Benki ilihitaji siku mbili. Siku zote mbili alikuja duka lilipofunguliwa na kuondoka lilipofungwa, akilala kwa dada yake aliyeolewa mjini. Wapita njia walimuuliza anauza nini. Aliwajibu kwamba hauzi, amenunua.

Siku ya tatu asubuhi karani wa duka alirudi kutoka benki na majibu ya hundi zote mbili. Ya mkandarasi ilikuwa imerudishwa, kwa kuwa kwenye akaunti yake hamkuwa na kitu, na saruji ilikwisha kwenda kusikojulikana. Ya Nakunda ilikuwa imelipwa yote. Bwana Kiondo alitoka nje. Hakuomba radhi, kwa maana hakuzoea, lakini alivua koti akasaidia kupakia mabomba, na lile la mwisho alilibeba peke yake begani. Mbonea alimtazama shemeji yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Maji yalifika shambani kabla ya vuli. Mwaka uliofuata Nakunda alirudi dukani kununua mabati. Palikuwa na watu wengi. Bwana Kiondo mwenyewe alimletea kiti na kalamu. Mjane yule akafungua kijitabu chake, akaliandika jina lake lote, taratibu kama kawaida yake, na watu wa foleni nzima wakangoja. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Bwana Kiondo aliitia hundi ndani ya sanduku bila kuigeuza, akaagiza mabati yapakiwe.

Ndugu zangu, kila siku tunatoa ahadi na kuzitia majina yetu, na wengi wetu tunahangaika na jalada. Siku ahadi yako itakapopelekwa kule inakolipwa, itakuta umeweka nini?