Gego Lililolala

Karakana ya fundi wa makochi ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye harufu ya gundi na vumbi la sponji lililotanda hadi kwenye kikombe cha chai. Majirani walimwita fundi huyo Sponji kwa sababu ya kazi yake. Waliomjua kwa undani walisema jina hilo lilimfaa mara mbili, maana mbele ya binti yake alikuwa akibonyea hata kwa kuguswa na kidole kimoja.

Ulaini huo ulikuwa na chanzo. Mkewe alifariki dunia binti yao akiwa na miaka minane. Mtoto alilia siku tatu mfululizo, mpaka sauti ikamkauka, akabaki anafungua mdomo tu. Sponji, aliyekuwa amempakata, alijiapia kwamba maadamu yu hai, mwanawe hatalia tena. Tangu hapo akamlea kama yai. Binti akichukia dawa chungu, dawa ilimwagwa. Akikataa kuamka, shule ilisubiri. Alipoomba tarumbeta, akaletewa tarumbeta. Na hapo, kusema haki, baba hakukosea. Binti alikuwa na kipaji. Akiipuliza nyuma ya karakana, wapita njia walipunguza mwendo na mafundi wa jirani wakaweka nyundo chini.

Alipotimiza miaka kumi na saba alianza kulalamikia taya. Sponji akampeleka kliniki ya meno. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye mwanga, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Baba, hili ni gego la mwisho, lile watu wanaloliita jino la akili. Badala ya kusimama, limelala ubavu, linamsukuma mwenzake. Inabidi tupasue ufizi, tulikate vipande, tulitoe."

"Lazima iwe sasa?"

"Isichelewe. Mizizi bado mifupi. Ikirefuka itaufikia mshipa wa fahamu unaopita hapa chini, ule unaoupa mdomo hisia. Hapo kazi itakuwa nyingine."

Siku ikapangwa. Asubuhi hiyo, Sponji akiwa ameshashika kalamu atie saini, binti aliiona trei ya vyuma: sindano, visu vidogo, koleo. Akaung'ang'ania mkono wa shati la babake na kuangua kilio.

"Baba, usiwaache wanikate! Nakuomba, Baba, twende nyumbani!"

Kilio kile kilimchoma Sponji mpaka kwenye mfupa. Akairudisha kalamu mezani.

"Daktari, tutakuja siku nyingine."

"Atalia kidogo tu, baba yangu. Ganzi ikishika hatasikia maumivu."

"Tutakuja," Sponji alisema, naye ameshafika mlangoni.

Hawakwenda. Maumivu yalikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Yakija, Sponji alinunua vidonge na kumchemshia binti maji ya chumvi ya kusukutua. Yakitulia, alijipongeza kwa uamuzi wake. Dada yake ndiye pekee aliyethubutu kumweleza ukweli.

"Kaka, unalea mtoto au unalea machozi?"

"Wewe hukumwona alivyolia pale kliniki."

"Sikumwona, lakini nakujua wewe. Aliyekimbia pale si mtoto."

Sponji alicheka kicheko cha pembeni, akaendelea kupigilia misumari kochi lake. Maneno ya dada yakaingilia sikio hili na kutokea lile.

Miaka mitano ikapita. Binti alijaribiwa kwenye bendi ya polisi pamoja na vijana arobaini, akachukuliwa yeye na wengine wawili. Alitakiwa kuripoti baada ya wiki tatu. Mtaa mzima ulipata habari, maana Sponji hakumpitisha mteja bila kumsimulia.

Siku ya kumi, binti aliamka shavu limevimba kama aliyefutika limau zima. Homa ilimchemsha, na mdomo haukufunguka hata kupitisha kijiko cha chai. Walipofika kliniki, daktari ni yule yule. Alimtambua Sponji, akamtazama, asimlaumu kwa neno hata moja. Heri angemlaumu.

"Usaha umeshaingia kwenye taya," alisema. "Gego la jirani limeoza, nalo litatoka. Na mizizi imeukumbatia mshipa. Nitajitahidi, lakini sitaki kukudanganya, mwanangu. Huenda mdomo ukafa ganzi, na huenda hisia zisirudi."

Binti aliitia saini fomu mwenyewe, macho makavu. Sponji alikaa kwenye benchi la korido saa mbili nzima, akichuna uzi uliofumuka kwenye suruali yake.

Uvimbe ulipona, kidonda kikafunga. Mdomo wa chini, upande wa kulia, haukuamka. Bendi ilimsubiri miezi mitatu, kisha kwa barua ya heshima ikamchukua mwingine. Binti hakuacha kujaribu. Kila jioni alikaa nyuma ya karakana akiiweka tarumbeta mdomoni. Pumzi ilivujia pembeni, sauti ikatoka imepasuka, na mate yakamtiririka kidevuni bila yeye kujua.

Jioni moja Sponji alimfuata na kitambaa, akamfuta. Binti akaiteremsha tarumbeta magotini.

"Baba, siku ile mbona hukunilazimisha?"

"Ulikuwa unalia, mwanangu."

"Nilikuwa mtoto, Baba. Si ndiyo kazi ya mtoto kulia?"

Aliuliza bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu. Sponji aliiona ile trei ya vyuma, ile kalamu, ule mlango alioukimbilia. Nusu saa ya machozi ambayo angeweza kuivumilia, akashindwa. Akaketi kwenye fremu ya kochi lisilo na mto, akajifunika uso, akalia kwa kwikwi, mafundi wa jirani wakimsikia. Binti alisogea karibu, akampapasa mgongo. Jicho lake halikudondosha hata tone.

Hakika, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.