Sultani Haidari na Masinia ya Heshima

Alikuwako, na ajuaye zaidi ni Mungu, Sultani mmoja jina lake Haidari bin Mundhiri, mtawala wa mji wa Nurubari, mji wa kuta nyeupe na bustani za komamanga, na watu wake walimpenda mapenzi ya kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokaribia kumwua.

Kwani mji ule ulikuwa na mila yake. Mtu akipata mtoto, au akioza binti, au akimaliza kuezeka nyumba, hupika sinia la heshima akalipeleka ikulu, na Sultani hulila mpaka chini ya sinia kuonekane. Sinia likirudi tupu ni baraka, na nyumba nzima hupiga vigelegele. Likirudi na mabaki ni nuksi, na mwenye nyumba huona aibu kutoka nje. Sasa watu wa Nurubari walikuwa wengi, Mungu awazidishe, nao wakizaa na kuoza na kujenga bila ya kupumzika, na kila mmoja alilijua sinia lake tu. Hapakuwa na hata mtu aliyekaa akafikiri kwamba tumbo linaloyapokea yote ni moja.

Na Sultani Haidari alikuwa mtu wa haya, mwenye moyo laini, asiyeweza kumwaibisha maskini. Akala biriani ya huyu na pilau ya yule, na mikate ya kumimina na halua inayochuruzika samli, na kila alipofikiri amemaliza, mlango ulibishwa na sinia jingine likaingia limefunikwa kawa. Akawa hapandi farasi, kisha akawa hapandi ngazi, kisha akawa hainuki kitini mpaka ainuliwe. Siku ya Idi, akielekea msikitini, alianguka mbele ya umati, na wazee wakalia wakidhani amekufa.

Tabibu akaitwa, akamshika mkono, akasema: "Ee Maulana, moyo wako ni punda mmoja anayevuta mizigo ya msafara mzima. Mizigo isipopunguzwa, sisi tutasali Idi ijayo na mwingine."

Sultani akaogopa, na ni nani asingeogopa? Lakini hofu yake ilikuwa na dada yake, nayo ni mahaba. Alimpenda Mwana Tamima, Malkia wa Jabali la Kaskazi, aliyewahi kuja Nurubari kwa shauri la malisho, akakaa naye barazani wakabishana na kucheka mpaka mawaziri wakaona wivu. Baada ya kuanguka kwake Sultani akajiambia, "Nisipoposa sasa nitaposa lini?" Akamtuma Waziri Khalfani na zawadi za posa, na Waziri akarudi na jawabu hili:

"Salamu zangu zimfikie Sultani Haidari. Posa yake nimeipokea, wala sikuikataa. Lakini kwetu jabalini hakuna kisima, na tangu enzi za mababu bwana harusi huteka maji chini ya jabali, akapanda ngazi kwa miguu yake na mtungi begani, mpaka mlangoni pa bibi harusi. Akitaka kupumzika na apumzike amesimama. Akiutua mtungi, posa imevunjika. Na asije amebebwa na mtu wala mnyama wala jini, kwani nitaolewa na aliyembeba. Nimempa muda mpaka komamanga zitakapoiva tena."

Sultani aliposikia hayo akatazama miguu yake, au tuseme akatazama upande ilikokuwa, maana kuiona hakuiona. Akasema kwa huzuni: "Amenikataa kwa adabu."

Akataka kumpelekea pete ya babu yake iwe kumbukumbu, amalize mambo kiungwana. Pete ikakataa kutoka. Ilikuwa imezama katika kidole kilichovimba, na Bi Mize, mpishi mkuu wa ikulu aliyemlea tangu utoto, akaja na samli, akaipaka, akaizungusha kwa nguvu huku akimwambia, "Vumilia, mwanangu." Mara moshi ukatoka, na ndani ya moshi akatoka jini amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, akikohoa na kujishika shingo.

"Ewe mwana wa Adamu!" akalia jini. "Kidole chako kimeninyonga! Enzi za babu yako nilikaa katika pete hii kama tajiri katika jumba lake, nikijinyoosha huku na huku. Tangu uirithi wewe, kuta zinanijia! Mimi ni Kashkashi, mtumwa wa pete hii, amri yoyote nitaitii, lakini nakuomba kwa heshima ya mababu zako, nipe nafasi nipumue!"

Sultani, baada ya yeye kutulia, na Bi Mize kuokotwa alikoanguka, akasema: "Ee Kashkashi, haja yako na haja yangu ni moja. Niondolee unene huu sasa hivi."

"Kuuondoa naweza," akajibu jini. "Kuuzuia usirudi siwezi, kwani hilo liko mkononi mwako na mdomoni mwako."

Watu bwana! Maneno mawili huambiwa, hushika moja. Sultani akashika lile la kwanza, akaamuru, na jini akapiga makofi, na nyama yote ikamtoka Sultani kama shehena inayoteremshwa. Akasimama mwenyewe, akaruka kwa furaha, akaanguka. Akasimama tena, magoti yakamkatika, kwani nguvu nazo zilikuwa zimekwenda na nyama, na mtumishi alipompepea akapeperuka hadi ukutani. Na njaa iliyomshika haikuwa njaa ya binadamu. Alasiri yaliingia masinia, la harusi na la akika, akayala yote na kulamba vidole, na kabla mwezi haujaandama nyama yake ilikuwa imerudi, nayo haikurudi peke yake, ilikuja na jamaa zake.

Jini akatoka peteni analia machozi ya moshi. "Nilikwambia! Bwana wangu, unene huu ulikujia haba na haba mpaka ukajaza kibaba. Basi na uondoke vivyo hivyo. Bandu bandu huisha gogo."

Siku ile Sultani Haidari alilia, na hakuona haya kulia mbele ya jini na mpishi. Alisema: "Nitafanyaje? Nikiyakataa masinia nitawavunja watu wangu nyoyo. Nikiyala, nitakufa, na Tamima sitampata." Mlangoni wakati huohuo alisimama mfumaji nguo mmoja, jina lake Makungu, na sinia kichwani, maana mkewe amejifungua. Sultani akalitazama lile sinia, akamtazama Makungu, akaona kanzu inavyompwaya mwilini, na fikira ikamjia ambayo haikuwahi kumjia mtu yeyote ikulu.

"Ee Makungu," akasema, "mila yetu yasema chini ya sinia kuonekane. Je, yasema ni nani ale?"

Makungu akababaika. "Maulana, mila... mila haikutaja."

"Basi nawa mikono, keti hapa. Na waitwe mabawabu, na maskini walioko kivulini pa ukuta, waje wote. Bismillahi, karibuni."

Waziri Khalfani akajishika kilemba. "Maulana! Watu watasema Sultani amewadharau!" Lakini Makungu alikwishakaa, na machozi yakimlengalenga akasema: "Waziri, nitamwambia nani akaniamini kwamba nimekula sinia moja na Sultani? Na kweli niiseme, Mungu anisamehe: nyumbani leo watoto wamekunywa uji mtupu ili sinia hili lijae." Sultani akapigwa na maneno yale kuliko alivyopigwa na maneno ya tabibu. Akala upande wake mbele yake, polepole, akasikia ladha ya iliki ambayo kwa haraka yake ya miaka alikuwa hajaisikia, na aliposhiba akainua mkono. Chini ya sinia kukaonekana. Makungu akaondoka na sinia tupu, na sauti ya vigelegele vya jamaa zake ikafika mpaka ikulu.

Habari ikaenea, na mji mzima ukashusha pumzi, kwani kumbe kila nyumba ilikuwa ikijibana na kila nyumba ikidhani ni yenyewe tu. Masinia yakawa madogo, na kwa kuwa wenyewe sasa walikula humo, wakapika walivyopenda kula kwao: samaki wa kuchoma, kunde za nazi, mchicha, maboga, na machungwa baada ya chakula. Halua haikufukuzwa, la hasha, ila ilikuja siku zake, kama mgeni. Na Bi Mize akasema sasa anaweza kulala mchana kama watu wengine.

Ikabaki miguu. Sultani akajaribu kutembea akizunguka ua wa ikulu, akazunguka na kuzunguka, na akaona uchovu na kero ya punda wa kinu cha mafuta. Akaacha. Akajaribu tena, akaacha. Ndipo alasiri moja ngoma ya kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, ikalia harusini mtaa wa pili, zumari ikanena, na pete ikaanza kumtikisika kidoleni.

"Kashkashi, una nini?"

"Siwezi kujizuia, bwana wangu! Jini gani husikia ngoma akatulia? Tangu babu yako afe sijacheza!"

Sultani akacheka, kwani yeye naye vidole vya miguu vilikuwa vinagonga zulia. Katika ujana wake alikuwa hodari wa kirumbizi, akaacha siku aliyovaa kilemba cha ufalme. Akaagiza wapiga ngoma waje uani na fimbo mbili. Waziri akasema, "Maulana, Sultani hachezi, huchezewa." Sultani akamjibu, "Na maiti je, Waziri? Hucheza?" Waziri akaenda mwenyewe kuzitafuta fimbo.

Siku ya kwanza Sultani alizungusha fimbo kidogo, akapiga hatua chache, akakaa chini akihema, na wote wakamtazama kwa hofu. Kisha pumzi ikamrudi, akacheka, akasema: "Kumbe kuchoka si kufa!" Na siku iliyofuata akacheza zaidi kidogo, na iliyofuata zaidi, jini akimshambulia kwa fimbo ya moshi na yeye akikinga, wakitaniana na kutukanana kiutani, hata ikawa wakati wa alasiri ukikaribia Sultani hatulii kwenye baraza, anasikiliza tu kama zumari imefika. Siku ya mvua akinuna. Na wenye maradhi ya uvivu mjini, wakisikia ngoma, wakaanza kuja mmoja mmoja na fimbo zao.

Bandu bandu, gogo likapungua. Akapanda ngazi, akapanda farasi, na Kashkashi akaanza kujinyoosha katika pete akisema, "Leo nimepata ukumbi. Leo nimepata na dirisha." Tabibu akamshika mkono Sultani, akatikisa kichwa, akasema: "Punda anapumzika, alhamdulillahi." Lakini mwembamba hakuwa. Tumbo lilikuwepo, limepungua lakini lipo, na komamanga zilikuwa zinapasuka mitini.

Akaenda. Chini ya jabali akavua pete akampa Waziri, pasije pakasemwa jini amembeba, akateka maji, akaweka mtungi begani, akaanza kupanda. Ngazi zile zilichongwa katika mwamba na hazikuwa na huruma. Alikwenda kwa mwendo wa kirumbizi, mguu mmoja kwa ngoma ndogo, mguu mwingine kwa ngoma kubwa, akiimba kwa ndani. Alipochoka akasimama, akahema, akaendelea. Karibu na juu jua likawa kali, bega likaungua, magoti yakatetemeka, na kila kilichokuwa ndani yake kikamwambia, "Utue." Akaegemea mwamba, mtungi begani, akafumba macho. Akajiambia kwa sauti: "Kuchoka si kufa, Haidari. Kuchoka si kufa." Akafumbua macho akapiga hatua, na nyingine, na nyingine, na mara mbele yake pakawa hapana ngazi tena, pana mlango, na mlangoni amesimama Mwana Tamima.

Malkia akaupokea mtungi kwa mikono yake miwili, kwa pupa hata maji yakamwagikia miguuni mwao.

Sultani akasema, pumzi zikimpanda na kushuka: "Nisamehe, Mwana Tamima. Nimekuja, lakini nimekuja bado mnene."

Tamima akamtazama, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema: "Ee Haidari, ulidhani nimekupima tumbo? Baba yangu alikuwa mkubwa kama wewe, na mcheshi kama wewe, nasi tulimpenda na kumlisha, na alianguka akafa mbele ya macho yangu mezani, mkono wangu ukiwa bado na tonge nililokuwa nampa. Uliposema unanitaka nilifurahi, kisha nikasikia ulivyoanguka siku ya Idi, nikaogopa mno. Tangu asubuhi niko juu ya ukuta nakutazama, na kila uliposimama nilisema nishuke nikakuzuie, mila na ife. Sikutaka mume mwembamba. Nilitaka mume wa kuzeeka naye."

Sultani Haidari akakaa chini pale mlangoni, kwani sasa kukaa kulikuwa halali, naye Malkia wa Jabali la Kaskazi akakaa chini pembeni yake, kitako kwa kitako, wakasubiri pumzi zao zitulie.

Wakaoana, na harusi ikachezwa kirumbizi jabalini na Nurubari, na maji ya chini ya jabali yakapatiwa mifereji kwa mali ya falme mbili zilizoungana, na malisho yakawa mamoja, na neema ikawa nyingi. Na tunachokichukua katika hekaya hii ni kwamba umpendaye usimlishe mpaka umzike, na mwili hautibiwi kwa muujiza wala kwa kujiadhibu, bali kwa chakula cha kiasi na mchezo unaoupenda hata ukaungoja. Sultani akaishi, akapata wana na wajukuu, meno yakamtoka, mvi zikamjaa, na Tamima akawa anamnong'oneza kila Idi, wakirudi msikitini kwa miguu, kwamba Mungu amemkidhia haja yake ya mume wa kuzeeka naye.