Mlango wa Kina Zawena

Ngano ninayo kinywani, ipokeeni. Vita vilipochoma kijiji, Zawena na wadogo zake walikimbia na mlango wa nyumba yao tu. Walipousimamisha porini ukawa nyumba, na Zimwi lililowanyemelea halikuweza kuingia bila kukaribishwa.

Likabisha hodi tatu kwa sauti ya baba. Kimya. Likabisha hodi tatu kwa sauti ya shangazi. Kimya. Kisha ikaja sauti ya mama: "Hodi, wanangu! Hodi! Hodi!"

"Dada, ni mama!"

"Nyamazeni! Litatumeza!"

Basi, hodi tatu zisipoitikiwa, mtu huenda zake. Walipofungua, wakakuta nyayo za Zimwi, na juu yake nyayo za mama yao, zikirudi kule kwenye moto.

Zawena alipokua, aliwajengea watoto wanaokimbia vita nyumba isiyo na mlango. Hulala kizingitini mwenyewe. Zimwi likija, lianze naye.