Udongo wa Kapela

Hapo zamani, baruti ilipokuwa adimu kuliko chumvi, waliishi msituni ndugu wanne wenye gobore moja. Kwa nyama walipatana. Kwa namna ya kuishika bunduki, hawakupatana kamwe.

Lugendo, mkubwa wao, alisema, "Ing'oe fataki, basi. Bila fataki ya kuwasha baruti, gobore ni mchi wa kutwangia."

Mihayo alisema, "Kila bunduki ina mzigo wa baruti na risasi tumboni. Waambie watu wasiiguse, yatosha."

Sizya alisema, "Kidole kisipogusa kifyatulio, haiui hata nzi."

Kapela hakuwinda, alilima tu, naye aliwacheka. "Bunduki moja, dini tatu."

Siku moja Lugendo alirudi mikono mitupu. Bunduki ikishashindiliwa baruti, njia rahisi ya kuitoa mzigo ni kuifyatua, naye akaionea uchungu baruti yake. Akang'oa fataki, akaitundika na mzigo wake tumboni, asimwambie mtu.

Jioni Mihayo akaichukua kwenda kulinda mahindi. Hakuuliza kitu, kwake kila bunduki ina mzigo. Akapachika fataki. Nguruwe hawakuja. Asubuhi akaiegemeza mlangoni kwa Kapela, fataki ikiwa bado imepachikwa, akatangaza, "Ina mzigo hiyo, msiiguse," akaenda kunawa.

Kapela alikuwa uani anakunywa uji. Akamwambia Sizya, "Mdogo wangu, iondoe hapo, watoto wanaamka."

Sizya akaibeba, kidole mbali na kifyatulio, kweli kabisa, mtutu ukitazama uani. Nyundo ya gobore, ile ipigayo fataki, ikagonga mwimo wa mlango, bunduki ikalia. Kapela akaangukia bakuli lake.

Kwao, ndugu humtupia marehemu udongo kaburini. Mwenye hatia ya damu yake hatupi, hurudi nao nyumbani, na tangu siku hiyo hali chungu kimoja na ukoo wala haleti kitu nyumbani kwa marehemu. Wa kumtaja ni mjane. Basi wale watatu wakasimama mbele ya Nyamizi, mke wa Kapela, kila mmoja na udongo kiganjani.

"Shemeji," akasema Lugendo, "mimi niliilaza. Aliyeiamsha ni Mihayo."

"Nilionya," akasema Mihayo. "Kuna kiziwi hapa? Na aliyeificha baruti tumboni ni nani, kaka?"

Sizya alikuwa analia. "Kidole changu hakikugusa. Na marehemu mwenyewe ndiye aliyenituma. Mungu ananiona."

"Na mtutu, shemeji?" Nyamizi akamwuliza. "Mtutu ulikuwa unamwona nani?"

Sizya akafumba kiganja chake chenye udongo.

"Kila mmoja ameshika sheria yake moja," akasema Nyamizi, "na mnataka niwasifu. Mume wangu hakuwa na sheria. Alikuwa na kifua tu."

Asipomtaja mtu, atakula chungu kimoja na aliyemwua mumewe. Akiwataja wote, nani atawalimia wanawe?

Kaburi li wazi na watu wanangoja. Mungu anajua, mimi sijui. Nyinyi mliosikia, mwambieni mama huyu: je, ni mkono wa nani urudi nyumbani na udongo wake?